Maswali ya Wasomaji: Ukitaka Kipepeo, Mpandie Kiwavi

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya kiwavi wa kijani aliyejilaza juu ya jani la mlimau, tukawaomba wasomaji watuambie atakuwa kipepeo gani. Waliojibu ni wachache. Waliobaki, nao ndio wengi, waliandika kuuliza ya kwao: kuhusu maua, kuhusu nondo, kuhusu biashara, na mmoja kuhusu bibi yake. Tumezifupisha barua hizo bila kubadili maana, na majina tumeyaacha.

Nimepanda maua mbele ya nyumba yangu hapa Kilifi kwa miaka miwili sasa: zinia, iksora, mabogavilia ya rangi tatu na mwasumini. Vipepeo hupita asubuhi, hunyonya kidogo kwenye zinia, kisha huenda zao. Kwa jirani yangu, ambaye kiwanja chake ni vichaka vitupu, wamejaa. Nibadilishe maua gani? (Msomaji, Kilifi)

Kabla hujang'oa chochote, ndugu msomaji, nenda kwa huyo jirani kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, jua likiwa limepata nguvu, umtazame kipepeo mmoja tu asiyejali maua. Utamwona akigusa jani hili na kuliacha, akigusa lile na kuliacha, kama mtu aliyepoteza pete. Huyo ni jike mwenye mayai. Anaonja majani kwa miguu, maana vionjio vyake vimo nyayoni, na hatataga mpaka akute jani ambalo watoto wake wanaweza kulila. Ua humpa kinywaji tu. Kiwavi naye si mbuzi wa kula kila kitu: aina nyingi hula mmea mmoja au jamii moja ya mimea, na anayewekwa juu ya mmea usio wake hufa njaa huku amezungukwa na majani mabichi. Kwa hiyo maua yako yaache, uongeze majani.

Hapo Kilifi kazi hii ni nyepesi, kwa sababu mimea mingi inayotakiwa unayo au unaijua kwa matumizi mengine. Mlimau na mndimu huleta kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, Papilio demodocus, ambaye nitamweleza kwa kirefu katika jibu linalofuata. Mstafeli na mtopetope huleta jamaa yake mweusi na mweupe, Graphium angolanus, arukaye kwa kasi hata macho yanashindwa kumfuata. Mjohoro na ndugu zake hutagiwa na wale weupe wenye ukijani kidogo, Catopsilia florella, ambao miaka mingine hupita makundi kwa makundi, wote wakielekea upande mmoja. Na lile gugu linalotambaa chini ya minazi, lenye maua madogo meupe yenye doa la zambarau, ambalo wenyeji huchuma pia kama mboga na ambalo bila shaka kijana wako wa bustani hulifyeka kila Jumamosi, ndilo chakula cha kiwavi wa Junonia oenone, kipepeo mweusi mwenye doa la buluu ing'aayo kwenye kila bawa la nyuma. Mwambie kijana akuachie kipande cha hatua nne kwa nne asikiguse, na kando yake aache nyasi zirefuke, kwa kuwa vipepeo wa kahawia wanaoanza kuruka jua likizama, Melanitis leda, hulea watoto wao kwenye nyasi.

Ama maua yenyewe, zinia na iksora ni chaguo zuri. Mabogavilia ni ya macho ya mwenye nyumba kuliko ya kipepeo: hizo rangi tatu unazozisifu ni majani yaliyogeuka rangi, na ua halisi ni kijimrija cheupe kilichojificha katikati yake. Mwasumini ni wa usiku, tutaufikia. Ongeza mrehani, lakini uuache utoe maua badala ya kuukata kila siku kwa ajili ya chai au kikuba, na pentasi ukiipata kwenye vitalu. Lantana usiipande, hata akushauri nani. Ni kweli kwamba vipepeo huipenda sana, lakini ndege hula matunda yake na kuzimwaga mbegu kila mahali, nayo imekwisha kuvamia mashamba na malisho mengi ya Afrika Mashariki, na ng'ombe anayeila huugua.

Panda yote hayo mahali penye jua la asubuhi na penye kizuizi upande wa kusini, maana wakati wa kusi kipepeo hawezi kushindana na upepo wa baharini. Atakimbilia penye vichaka, na nashuku kwamba hiyo ni nusu ya siri ya jirani yako. Kisha weka sahani ya udongo yenye mchanga uliolowa na chembe chache za chumvi. Madume hutua hapo kufyonza maji yenye chumvi, wakati mwingine kumi kwa pamoja, mabawa yamefungwa kama tanga zilizoshushwa. Kinyesi cha ng'ombe huwafaa vilevile, ila sidhani kama utakitaka mbele ya baraza.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tano wilayani Muheza. Kitalu chetu cha miche ya michungwa na milimau kimevamiwa na viwavi wanaofanana na kinyesi cha ndege. Bwana shamba anasema tunyunyize dawa. Wanafunzi wamekwisha kuwapa viwavi majina na wananisihi tuwafuge. Nimsikilize nani? (Mwalimu, Muheza)

Mwalimu, wasikilize wote wawili kwa kiasi. Bwana shamba ana haki ya kuihofia miche, kwa sababu kiwavi mmoja aliyekomaa anaweza kuumaliza mche wenye majani kumi akabakiza kijiti. Mti mkubwa hauna habari naye. Basi wahamisheni viwavi kutoka kitaluni kwa mkono, jani na kiwavi wake pamoja, mkawaweke juu ya mchungwa mkubwa, na kumi hivi mkawafugie darasani. Dawa haihitajiki, na ikipulizwa itaua na nyuki wanaoizalisha michungwa yenu.

Kiwavi huyo ndiye yule wa picha yetu akiwa bado mdogo, mtoto wa Papilio demodocus niliyemtaja. Mama yake hutaga yai mojamoja juu ya majani machanga ya nchani, la mviringo, la rangi ya manjano hafifu, dogo kuliko punje ya uwele. Baada ya siku nne hadi sita hutoka mtoto mweusi mwenye bato jeupe mgongoni, aking'aa kana kwamba amelowa, na ndege anayemwona huona kinyesi cha ndege mwenzake akapita. Hujivua ngozi mara nne. Baada ya mara ya nne hugeuka kijani ghafla, kwa sababu sasa amekuwa mkubwa mno kusingiziwa kinyesi, na ni heri afanane na jani. Waambie wanafunzi wamguse taratibu nyuma ya kichwa kwa unyoya: atachomoa pembe mbili laini za rangi ya machungwa zilizoungana kama panda ya manati, na harufu ya machungwa yaliyovunda itajaa meza nzima. Hazichomi wala hazina sumu kwa mtu. Ni silaha ya kuwafukuza sisimizi na buibui, na baada ya dakika moja huzirudisha ndani.

Kwa ufugaji mnahitaji chupa ya soda yenye maji, tawi la mlimau ambalo halijawahi kupulizwa dawa, na kizimba cha kitambaa. Tawi lipitishwe kwenye shingo ya chupa na nafasi iliyobaki izibwe kwa pamba, la sivyo viwavi watashuka kwa shina mpaka majini wazame, nao hawajui kuogelea. Miguu ya meza isimamishwe ndani ya makopo yenye maji ili sisimizi wasipande. Kinyesi chao, ambacho ni punje kavu nyeusi, kikung'utwe kila asubuhi, kwa maana kikilala na unyevu huota ukungu na ukungu huua kundi zima. Anayeshika viwavi asiwe amejipaka dawa ya mbu mikononi.

Kuhusu kitambaa nina la kukiri. Mara ya kwanza nilipofuga, nilichukua kipande cha chandarua kilichochanika, nikakishona kuwa mfuko mzuri wenye kamba, nikaufunika kwenye tawi la mndimu lenye viwavi kumi na mmoja. Kesho yake alfajiri wote walikuwa chini ya mfuko, wamejikunja, wengine wakitoka maji ya kijani mdomoni, na mmoja bado akirusha kichwa huku na huku. Ilinichukua siku nzima kuelewa. Chandarua kilikuwa kimetiwa dawa kiwandani, kama vilivyo vyandarua vinavyogawiwa siku hizi kwa ajili ya malaria, na dawa hiyo imekusudiwa kudumu hata baada ya kufuliwa mara 20. Kwa hiyo, Mwalimu, hata kama kuna chandarua kuukuu stoo, msikitumie. Nunueni kitambaa chepesi cha matundu, kile cha pazia au cha kushonea shela la bibi harusi. Mita mbili zinatosha.

Viwavi watakula kwa wiki tatu hadi nne, na katika wiki ya mwisho watakula kuliko siku zote za nyuma zikijumlishwa, basi pangeni zamu ya kuleta matawi mapya. Siku moja kiwavi atakataa kula, atatoa kinyesi cha majimaji na kuanza kutangatanga kizimbani. Msimrudishe kwenye jani. Anatafuta mahali pa kujifunga. Atashika kijiti, atafuma kitako cha hariri, atajizungushia uzi mmoja mgongoni kama fundi wa nazi aliyejifunga kamba mnazini, na baada ya siku moja atajivua ngozi ya mwisho awe pupa, wa kijani au wa kahawia kufuatana na mahali alipojishikiza. Hapo msimsogeze kwa siku mbili, kwa kuwa ngozi yake mpya ni laini kama ya yai lisilo na ganda gumu.

Wiki mbili hivi baadaye pupa atageuka mweusi, na madoa ya manjano yataonekana kwa ndani. Kesho yake, mara nyingi asubuhi, ngozi itapasuka. Mtakaowahi mtaona kipepeo mwenye tumbo kubwa na mabawa yaliyokunjamana kama karatasi iliyotolewa mfukoni, akipanda juu ya kijiti na kuning'inia. Husukuma maji ya mwili ndani ya mishipa ya mabawa mpaka yanyooke, kisha hungoja yakauke kwa saa mbili au zaidi. Ni lazima awe na mahali pa kuning'inia. Akianguka sakafuni mabawa hukauka yamepinda na hataruka kamwe. Atadondosha pia matone mekundu ya kahawia. Wanafunzi watapiga kelele kwamba anatoka damu, nawe waambie ni taka alizozitunza tangu alipoacha kula.

Nilifuata maelekezo ya rafiki yangu nikakusanya pupa saba kwenye milimau ya nyumbani. Wawili walitoka vipepeo. Watatu walitobolewa tundu dogo na ndani yake vikatoka vijidudu vingi kama mbu wadogo, na wawili waliobaki wameoza. Je, niliwapa chakula kibaya? (Msomaji, Kwale)

Chakula hakina lawama. Hao vijidudu ni nyigu wadogo sana wasiomuuma mtu, ambao jike lao humvizia kiwavi mpaka saa anayojivua ngozi ya mwisho, kisha huchoma mayai ndani ya pupa angali laini. Pupa mmoja hulisha makumi yao, na wote hutoka kwa tundu moja kama abiria wa daladala. Wapo pia nzi ambao hutaga juu ya kiwavi au juu ya jani atakalolila. Funza wao hula ndani kwa ndani, hushuka wakimwacha kiwavi mtupu, na hugeuka vidonge vya rangi ya kahawa iliyoungua. Ukiviona vidonge hivyo chini ya kizimba, jua kilichotokea.

Kosa ni la muda wa kukusanya. Ukichukua pupa au kiwavi mkubwa kutoka mtini, mara nyingi unachukua aliyekwisha kudungwa. Chukua mayai, au vitoto vyeusi vya siku ya kwanza na ya pili, uwafunike tangu hapo. Katika shamba huru, mayai mengi aliyotaga jike hayafiki kuwa vipepeo, na kizimbani, bila nyigu, sisimizi, mijusi wala vinyonga, wengi hufika. Nakusihi tu usiwapulizie dawa hao nyigu mtini. Wao ndio wanaozuia viwavi wasiimalize milimau yako, na bila wao hata mimi ningesimama upande wa bwana shamba wa Muheza.

Bibi yangu hataki tumguse kipepeo. Anasema unga wa mabawa yake hupofusha macho. Tena nondo mkubwa mweusi akiingia nyumbani anatukataza kumuua, anasema ni mgeni. Kuna ukweli? (Msomaji, Pemba)

Unga huo ni magamba madogo sana yaliyopangwa juu ya bawa kama vigae juu ya paa, na ndiyo yanayompa kipepeo rangi zake. Ukiyapata machoni yatawasha kidogo kama vumbi jingine lolote, hayapofushi. Hata hivyo ushauri wa bibi unamfaa kipepeo mwenyewe, kwa sababu magamba yakishatoka hayaoti tena. Tahadhari ya kweli ni kwa viwavi wenye manyoya, maana baadhi yao manyoya hayo huchoma kama upupu, na yakiingia jichoni ni jambo la hospitali.

Ama nondo, mimi niko upande wa bibi. Nondo yule wa kahawia iliyokolea, mwenye alama kama jicho kwenye bawa, ametafuta pembe yenye giza ya kulala mchana. Jioni atatoka mwenyewe, na hali nguo. Wanaokula nguo ni wale wadogo wa rangi ya majani makavu ambao hamtawaona wakitua ukutani kwa maringo.

Nina mipapai ya kienyeji ishirini na miwili nyumbani kwangu nje kidogo ya Morogoro. Inatoa maua mengi lakini maua ya majike hudondoka bila kuwa tunda. Mwenzangu aliniambia kwa mzaha nifuge nondo. Mwanzoni nilidhani anasema nondo za kujengea. (Msomaji, Morogoro)

Mwenzako hakufanya mzaha. Mipapai ya kienyeji ina miti dume na miti jike, na chavua lazima ibebwe kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Utafiti uliofanywa Kenya ulionyesha kwamba wabebaji wakuu ni nondo wakubwa wenye mwili mnene na mabawa membamba, ambao huelea mbele ya ua bila kutua, mrija wa mdomo umenyooshwa mbele, mlio wa mabawa ukisikika kama feni ndogo. Mahali ambapo mapori yamebaki karibu na shamba, nondo hao huwa wengi na mipapai huzaa vizuri zaidi.

Kaa chini ya mpapai dume jua likizama. Harufu tamu hupanda ghafla, na maua yake marefu meupe huwa na nekta. Maua ya jike hayana nekta hata tone. Nondo huyaendea kwa kudhani ni yaleyale, huingiza mrija, hukosa, huondoka, na kwa kosa lake hilo papai hushika. Sasa jiulize mambo mawili. La kwanza, je, una madume? Wakulima wengi huyakata yote kwa kuwa hayazai. Bakiza moja kwa majike kumi hivi. La pili, je, watoto wa hao nondo wanakula nini kwako? Kiwavi wao ni yule mnene mwenye kipembe kimoja mkiani, ambaye watu humkimbia wakidhani ana mwiba. Aina moja, Agrius convolvuli, hula majani ya viazi vitamu. Nyingine, Hippotion celerio, hula magimbi na mizabibu. Nina hakika umewahi kuwaponda kwa kiatu kwenye tuta la viazi. Acha tuta moja liwe lao. Mara nyingi hasara ni majani, na viazi viko chini.

Zima pia taa ya nje yenye mwanga mweupe kuanzia magharibi, au weka ya manjano, kwa sababu nondo anayezunguka taa usiku kucha hafanyi kazi ya mipapai. Na ukitaka kuwaona walivyo wengi, chagua usiku mmoja usio na mbalamwezi, hasa baada ya mvua za kwanza, utundike shuka jeupe ukutani na taa mbele yake. Mwasumini na mlangilangi ukiwa nao karibu, watakuja mapema zaidi.

Mimi ni kijana wa Korogwe, nimemaliza kidato cha nne. Nasikia watu wa Amani walikuwa wanauza vipepeo Ulaya. Naweza kuanza biashara hiyo? (Msomaji, Korogwe)

Kaka, biashara ilikuwepo kweli, na mfano wake wa kwanza kwa upande wetu ni mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993 Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya. Wanakijiji hutega majike msituni kwa ndizi zilizovunda: mtego ni silinda ya neti iliyoning'inizwa, sahani ya chambo chini yake, na kipepeo akishashiba huruka juu asiweze kutoka. Jike huwekwa kwenye kizimba chenye mche wa chakula cha watoto wake, hutaga, viwavi hulelewa ndani ya mifuko ya neti kwenye matawi, na pupa hupelekwa kituoni. Huko hupimwa, hufungwa katika pamba ndani ya maboksi na kupelekwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, ambako kuna nyumba za vioo ambamo watu hulipa kiingilio kutembea kati ya vipepeo hai. Kila kitu ni mbio, maana kwa aina nyingi pupa hukaa wiki mbili tu au pungufu, na anayetoka ndani ya boksi ni hasara. Jambo ninalolipenda katika mpango huo ni kwamba mtu aliyekuwa akiuona msitu kama ardhi ya kulima sasa anauhitaji ubaki umesimama, kwa sababu jike wa kuanzia na majani ya kulishia hutoka humo.

Vijiji vya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, vilifuata njia hiyo na vilifanya vizuri. Kisha mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaangukia humohumo pamoja na mijusi, ndege na nyani. Wafugaji walibaki na vizimba na soko hakuna. Mwaka 2020 hata wenzao wa Kenya walionja, korona iliposimamisha ndege na nyumba za vipepeo za Ulaya zikafungwa milango. Sikusimulii haya nikukatishe tamaa, ila usikope fedha kwa ajili ya biashara ambayo amri moja au ugonjwa mmoja huifunga. Kabla ya kushona mtego wowote nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya uulize kibali gani kinatolewa sasa, kwa kuwa kukamata wadudu wa msituni kwa biashara bila kibali ni kosa, na ndani ya hifadhi ni kosa kubwa zaidi.

Njia ninayoiona salama ni wageni wa karibu. Zanzibar, katika kijiji cha Pete, karibu na msitu wa Jozani, kuna bustani ya vipepeo iliyofunikwa neti ambako watalii na wanafunzi huingia kwa kiingilio, na pupa wake hufugwa na wanakijiji wa hapo. Hakuna ndege ya kuwahi. Korogwe iko kwenye barabara kuu ya kwenda Arusha. Mabasi ya shule hupita.

Nilizaliwa Unguja, sasa naishi Muscat. Kando ya barabara huku kuna kichaka kikubwa cha majani ya kijivu kinachotoka maziwa ukikivunja, na vipepeo wa rangi ya machungwa hawakiachi. Nakumbuka vipepeo kama hao nyumbani. Ni walewale? Naweza kukipanda kwenye chungu? (Msomaji, Muscat)

Ni walewale, dada. Kipepeo ni Danaus chrysippus, mwenye ncha nyeusi za mabawa na madoa meupe juu yake, naye yuko Afrika Mashariki kama alivyo Oman. Kichaka ni Calotropis procera, ambacho pia huota sehemu kavu za kwetu. Yale maziwa ni sumu, na kiwavi huila sumu hiyo bila kudhurika, akaitunza mwilini hadi anapokuwa kipepeo. Ndege aliyemmeza mmoja hutapika na hamrudii mwingine. Ndiyo maana huruka polepole namna ile, kama asiyemwogopa mtu. Nyumbani kuna jike la kipepeo mwingine kabisa, Hypolimnas misippus, lisilo na sumu yoyote, ambalo limevaa rangi hizohizo kiasi kwamba hata mimi hulazimika kuangalia mara mbili, ilhali dume lake ni jeusi lenye madoa meupe makubwa yenye ukingo wa zambarau.

Chunguni kitaota, lakini kichaka hicho hupita kimo cha mtu na mzizi wake huenda chini sana, basi tumia pipa na ukikate mara kwa mara. Vaa glavu ukikikata, na usiguse uso: maziwa yake yakiingia jichoni hulichoma na kulifanya lione ukungu, na hapo ni kuosha kwa maji mengi na kwenda kwa daktari siku hiyohiyo. Kama una watoto wadogo, kiweke wasikokifikia. Majani mapya yakitoka, yageuze utazame upande wa chini. Yai ni jeupe, limesimama wima, lina mistari midogo kutoka juu hadi chini. Kiwavi atakuwa na mistari myeusi, myeupe na ya manjano na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni, na pupa ataning'inia kichwa chini, wa kijani hafifu au wa waridi, mwenye nukta za dhahabu.